Legend ya Ridley Scott: msitu umependeza, hadithi imesinyaa

Kabla hujaitazama filamu ya Legend (1985), angalia ina dakika ngapi. Toleo la sinema za Marekani lina dakika 89, na muziki wake ni vinanda vya umeme vya bendi ya Tangerine Dream. La mwongozaji, lililotoka kwenye DVD mwaka 2002, lina dakika 113 na limerudishiwa okestra ya mtunzi Jerry Goldsmith. Chukua hilo refu. Lile fupi limekatwa hadi matukio yanarukiana.

Hata hilo refu, kisa ni chepesi mno. Bwana wa Giza anataka kuwaua farasi wawili wa pembe moja ili jua lisichomoze tena. Binti mfalme Lili anamgusa mmoja, mazimwi wanapata upenyo, baridi kali inashuka. Jack, steringi wetu (Tom Cruise), inabidi aokoe jahazi. Huyu Jack ni nani? Kalelewa na nani, anaogopa nini? Hatuambiwi. Anavaa deraya na kushika upanga kabla hatujapata sababu ya kumjali.

Picha sasa! Msitu ule ulijengwa ndani ya studio za Pinewood, Uingereza, kwenye ukumbi uliokuja kuungua mwaka 1984 upigaji picha ukiwa bado unaendelea. Kwa kuwa ni ndani, kila mwale wa mwanga umepangwa. Shida ni kwamba hawakujua pa kuishia: manyoya, vumbi, theluji, kila mara kuna kitu kinapepea mbele ya uso wa mwigizaji, na wewe unatazama vumbi badala ya kusikiliza maneno.

Pale picha inapobeba kisa, filamu inasimama imara. Gauni jeusi linacheza lenyewe, linamvuta Lili, anaungana nalo, anabaki amevaa weusi mtupu. Hakuna neno, na umeshaelewa kwamba anashawishika. Kisha Bwana wa Giza (Tim Curry) anatoka ndani ya kioo, mwekundu, pembe kubwa kichwani. Ni kazi ya msanii wa vipodozi Rob Bottin, na vipodozi vya filamu hii viliteuliwa kuwania Oscar. Sauti ya Curry inapenya ule uso wa bandia. Ndiye mhusika pekee mwenye tamaa unayoielewa.

Itazame usiku, taa zimezimwa, kwenye skrini kubwa. Kwa simu, nusu ya pili inageuka weusi tu. Kama televisheni yako inalainisha mwendo, zima kipengele hicho, maana kinafanya vipodozi vionekane mpira. Watoto wadogo wasiione: bibi wa kinamasi na Bwana wa Giza wanatisha kwelikweli.