Maabara ya ghorofani Malindi: walimlaza mume wangu kwanza ndipo wakamtoa damu

Nyota 4 kati ya 5. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya mapokezi, nitafika huko.

Jina silitaji, nisije nikaambiwa nimelipwa. Wa Malindi wenzangu mkisikia ngazi nyembamba ya saruji juu ya duka la vitambaa, mtajua.

Tulikwenda kupima metanefrini, yaani mabaki ya homoni za aina ya adrenalini, kwenye damu na mkojo. Mume wangu ni mvuvi, mtu wa kubeba jenereta mgongoni bila kuhema, lakini kila akitoka haja ndogo kichwa kilimgonga, jasho likamtiririka, moyo ukamwenda mbio na uso ukapauka. Baada ya muda mfupi, mzima. Presha ukiipima wakati ule iko juu, ukingoja akatulia huoni kitu. Zahanati moja ikasema ni wasiwasi tu, ikampa amitriptilini, dawa ya sonona. Nyingine ikampa propranololi, dawa ya presha na ya kutuliza mapigo ya moyo, na akazidi. Majirani wakasema jini. Kombe akanywa pia, halikumdhuru.

Ni daktari mmoja wa Mombasa aliyemuuliza, "Mzee, haya yanakujia ukiwa unafanya nini?" Akajibu kwa haya, macho chini. Daktari akaweka kalamu. Akatueleza kuna uvimbe adimu unaoitwa paraganglioma, ndugu wa feokromositoma ya tezi iliyo juu ya figo, na mwingine huota kwenye kibofu. Unamwaga noradrenalini, homoni inayobana mishipa, na kibofu kikijikaza unaminywa, basi presha inaruka. Na ile propranololi? Ikitangulia peke yake, mishipa inabaki imebanwa na presha yaweza kupanda zaidi. Nilikasirika sana siku ile, lakini tuendelee.

Maabara ya kwanza tuliyokwenda, si hii, ilimtoa damu amekaa kwenye stuli, ametoka kupanda ngazi, na kikombe cha kahawa chungu alikimaliza njiani kwa sababu hakuna aliyemkataza. Majibu yakaja "imepanda kidogo". Daktari akayatazama akasema hayamsaidii, maana hata kukaa tu kunaongeza kiwango hicho.

Hapa juu ya duka mambo yalikuwa mengine. Kijana wa maabara alitupigia simu mapema: asile usiku kucha, asinywe kahawa, asivute sigara, na dawa zote tuzilete kwenye mfuko. Akazitoa pakiti mojamoja mezani. Kwenye Panadol akasimama, akapiga simu maabara kuu Nairobi kuuliza kama mashine yao inavurugwa nayo, kwa sababu si zote. Kwenye amitriptilini akasema, "Mama, hii inaweza kupandisha majibu, lakini mimi si wa kuikatisha. Rudini kwa daktari." Tukarudi. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Siku yenyewe alimtia sindano ya mpira mkononi kwanza, akamlaza, akazima taa, akawasha feni, dakika 30. Nikaingia kumuuliza mume wangu habari ya pesa za samaki, nikaonyeshwa benchi la nje. Dakika zilipotimia akavuta damu kwa ule mpira bila kumwinua, kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, moja kwa moja kwenye barafu.

Mkojo wa saa 24 nao alitueleza vizuri. Ule wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, halafu kila tone linahifadhiwa mpaka ule wa kwanza wa kesho yake. Galoni lina asidi ndani, kwa hiyo unakojoa kwenye kikombe kisha unamimina polepole, hukojoi humo moja kwa moja. Galoni letu lilikaa kwenye friji pembeni ya mbaazi za nazi, limefungwa mifuko mitatu. Wageni hawakukaribishwa maji baridi siku ile.

Sasa mapokezi. Binti wa kaunta aliita, "Yule wa mkojo wa galoni!" mbele ya watu wote, na mume wangu ni mtu anayejulikana pwani nzima. Bei haijabandikwa popote, unaisikia ukishavua kiatu. Majibu yalifika na hakuna aliyetupigia, tuliyafuata wenyewe.

Lakini safari hii yalisomeka: normetanefrini, ile metanefrini inayotokana na noradrenalini, zaidi ya mara nne ya kikomo. Picha ya MRI ikauonyesha uvimbe kibofuni. Akaanzishwa doxazosini, dawa ya kulegeza mishipa, kabla ya upasuaji, akaambiwa anywe maji mengi na aongeze chumvi, yeye ambaye zahanati zote zilimnyima chumvi. Ameshapasuliwa na sasa anakwenda haja bila kushika ukuta.

Kipimo cha jeni hawana. Daktari anataka tupime jeni iitwayo SDHB, maana uvimbe huu mara nyingi ni wa kurithi, na ikionekana kwake watoto nao watapimwa. Hilo mtalitafuta Nairobi kama sisi.

Mkienda, nendeni mwanzo wa wiki ili sampuli isilale njiani mwishoni mwa juma, ulizeni bei kwa simu, na ombeni kuzungumza na kijana wa maabara, si kaunta.