Ati bakapu si kabati

Nilijiambia hasira yangu na hii huduma ya bakapu, ya kutunza nakala za faili mtandaoni, ipoe kwanza ndipo niandike. Mvua za vuli zimekuja zimepita, haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Nina studio ndogo ya picha Ngamiani, hapa Tanga. Marehemu baba alikuwa na kinasa sauti, na enzi zake ilikuwa nadra harusi ya mjini kumpita. Alinasa taarabu ukumbini, lakini alinasa pia kule nyuma, kwa wanawake wanaochambua mchele usiku wa kuamkia harusi, wakiimba huku wakisutana. Katikati ya wimbo mmoja unamsikia bibi mzaa baba akigomba kwamba nazi hazitoshi. Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya hapa Tanga, wana santuri zao, watasikika hata sisi tukifa. Wale wa kwenye mchele walinaswa na baba tu, basi.

Kaseti 60 na ushei. Nilizihamishia kwenye kompyuta mwenyewe, na kaseti ya dakika 90 hula dakika zako zote 90, haina njia ya mkato. Miezi na miezi. Nilikuwa nahariri picha za watu huku bibi anagomba masikioni.

Huduma ya bakapu nilinunua kwenye duka la kompyuta ambalo sitalitaja. Unalipa kwa mwaka, kila usiku nakala zinapanda mtandaoni zenyewe. Na nisiseme uongo, ilifanya kazi. Kuna siku nilimwagia chai kompyuta ya mezani, picha za harusi mbili zikarudi zote kabla ya magharibi. Niliwasifia kila nilipokwenda. Nikampeleka hadi shemeji yangu wa Raskazone akajiunge.

Sasa Shaabani moja hivi, harusi zimefuatana, video zimejaa, kompyuta inalia haina nafasi. Nikaifuta folda ya baba. Niliifuta kwa roho nyeupe kabisa, si ipo kwenye bakapu? Ikapita miezi miwili, labda mitatu. Shangazi akaja kutoka Pangani, anataka kumsikia mama yake. Nafungua, natafuta, hamna. Natafuta kwa jina la baba, hamna. Tanga, waja leo waondoka leo, lakini sikujua msemo unahusu na faili.

Nikaenda dukani kwa miguu, jua la saa saba. Kijana yuko kwenye simu, shikamoo hakuna, hata kichwa hakuinua. “Ukifuta kwako, na huku inafutika. Siku 30.” Nikamwambia, mwanangu, mimi nilileta vitu mnitunzie. Ndipo akatoa lile neno: “Bi mkubwa, bakapu si kabati.”

Si kabati! Kabati langu la mninga nimelirithi kwa bibi huyo huyo mgomvi, na tangu lini kabati likatoa nguo lenyewe eti siku 30 zimepita hujazivaa?

Kilichonichoma zaidi nilikiona niliporudi nyumbani nikachungulia kilichobaki. Daftari langu la madeni lina nakala saba za siku, nne za wiki, na za mwezi juu yake. Naweza kukuonyesha fulani alikuwa ananidai shilingi ngapi Jumanne ile na shilingi ngapi Jumatano. Sauti ya bibi, sifuri. Ndivyo mashine ilivyopangwa: kitu kikiwa bado kipo kwenye kompyuta yako, nakala yake inakaa hata miaka. Ukikiondoa, saa inaanza kuhesabu. Wao wanadhani umekitupa. Mimi nilikiondoa ndiyo kwanza nikikitegemea kwao.

Onyo walituma, eti. Nimelikuta, barua pepe ya Kiingereza, imebanwa katikati ya matangazo ya viatu.

Haya, na hapa lazima niseme jambo ambalo ningependa nisiliseme. Siku ile ya kuniwekea programu, kijana huyu huyu aliniuliza, “Uhifadhi wa siku ngapi?” Nakumbuka kabisa, kwa sababu nilikuwa na mteja wa picha za pasipoti ananisubiri. Nikamjibu, “Weka ya kawaida.” Kwa hiyo sijui. Labda kosa ni langu. Kwenye setingi kuna sehemu ya kuchagua mwaka mzima, na nyingine ya kutofuta kamwe, inaongeza pesa lakini si pesa ya kuua mtu.

Ila hapana. Hapana! Mwenye duka unajua “kawaida” ni siku 30, mimi sijui. Ungesema sentensi moja: mama, usifute kwako. Na hata huo mwaka usingenifaa, maana hizi sauti hazisikilizwi kila siku. Husikilizwa shangazi akija, na shangazi huja akitaka. Ningefuta leo, nikatulia, mwezi wa 13 nikalia kilio kile kile. Shemeji nimeshamwambia asifute hata picha ya paka.

Kaseti zenyewe zipo, nashukuru sikuzigawa. Ziko kwa kaka, kwenye boksi la maziwa ya kopo, nyingine zimeota ukungu wa hewa yetu hii ya chumvi. Mashine niliyohamishia ilishakufa zamani. Jumamosi iliyopita nani kabisha hodi? Kijana wa bakapu, kakumbatia redio kaseti ya bibi yake, imefungwa kwenye khanga. Safari hii aliniamkia. Msamaha hakuomba, na mimi sikuutaja. Tulianza saa tatu asubuhi, hadi adhuhuri kaseti mbili zimeingia, ya tatu inanasa, utepe unatoka kama tambi. Sasa zinakwenda sehemu tatu: kompyuta, diski ya nje inayolala ndani ya kabati (ndiyo, kabati), na kwao tena, nimelipia ile ya kutofuta.

Nilikusudia kuwapa nyota moja. Napiga mbili, ya pili ni ya bibi yake mwenye redio. Kaseti ya tatu ikiharibika naja kuifuta hiyo nyota ya pili.