Unanunua simu? Uliza kwanza imebakiza miaka mingapi

Shangazi yangu ana duka la vitenge Tanga. Usiku mmoja alinipigia akilalamika kwamba benki imemfukuza. Kumbe si benki. Apu yake ilimwandikia aisasishe, na kila akiingia Play Store haoni pa kusasishia. Akanunua bando, akidhani intaneti imekata. Akampelekea fundi, ikaflashiwa kwa elfu kumi, simu ikarudi tupu, picha za mjukuu zimekwenda na maji, na apu bado imegoma. Simu yenyewe kioo kizima, chaji inamfikisha jioni. Ugonjwa ulikuwa mstari mmoja tu ndani ya Mipangilio, kwenye Kuhusu simu: Toleo la Android, 7.0.

Nilipomwambia anunue nyingine alinijibu, "Mwanangu, simu hii haijawahi hata kuanguka."

Ndivyo simu zinavyokufa siku hizi. Watengenezaji wa apu huweka kiwango cha chini cha mfumo wanaoukubali. Kila toleo la zamani linalobaki ni jingine la kufanyia majaribio, na mengi hayana kinga za usalama ambazo apu mpya zinazitegemea. Wanaolitumia wakipungua, linakatwa. Mwaka 2025 WhatsApp ilikuwa haikubali Android iliyo chini ya 5.0, na Mei mwaka huo upande wa iPhone ikaanza kutaka mfumo wa iOS 15.1, kwa hiyo iPhone 5s, 6 na 6 Plus zikaachwa njiani. Apu za benki, kwa ninavyoziona mimi, huwa kali kuliko hapo.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni Chrome, kivinjari cha Google. Agosti 2025, toleo lake la 139 lilianza kudai Android 10, likaiacha Android 9 iliyotoka 2018. Yaani Chrome inaubeba mfumo wa Android kwa takriban miaka saba, kisha inautua. Ukishika hesabu hiyo, maneno ya muuza simu kuhusu megapikseli hayatakusumbua. Chukua bei, igawe kwa miaka iliyobaki. Simu ya laki tano yenye miaka mitano mbele yake inakula laki moja kwa mwaka. Ya laki mbili na nusu yenye mwaka mmoja inakula laki mbili na nusu, halafu unarudi tena dukani.

Hivi ndivyo ninavyozipanga kwa mtu wa kawaida: WhatsApp, benki, pesa za simu, picha za watoto.

Ya kwanza: simu mpya ya bei ya kati yenye ahadi ya maandishi. Samsung Galaxy A16, iliyotoka mwishoni mwa 2024, imeahidiwa matoleo mapya sita ya Android na miaka sita ya masasisho ya usalama. Mdogo wake, A17, ana ahadi hiyohiyo. Kamera ni ya kawaida, kasi ni ya kawaida, na mtu wa michezo mizito ataichoka mapema. Hata hivyo kwa bei yake sijaona inayoishinda kwa miaka. Ila usinunue jina la Samsung kwa kufumba macho. A05 ya 2023 ni ya nyumba ileile, sura zinakaribiana, na iliahidiwa matoleo mawili tu. Kitu kingine ambacho wengi hawaambiwi: miaka huhesabiwa tangu modeli ilipoingia sokoni, siyo tangu wewe ulipotoa hela. Simu iliyolala kabatini dukani miaka miwili imeshakula miaka yako miwili.

Ya pili: simu mpya ya bei nafuu, yenye mfumo wa karibuni. Hapa naweza kubishiwa. Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni moja ya China iitwayo Transsion, kwenye simu zao za chini hazina sifa ya kuleta matoleo mapya kwa muda mrefu. Wajuzi wanazibeza kwa sababu hiyo. Lakini apu inaangalia toleo lililomo ndani ya simu, haijali ahadi. Simu iliyotoka kiwandani na Android 14, ambayo ni ya 2023, hata isipopanda ngazi moja, kwa mwendo ule wa Chrome inafika 2030 hivi. Usalama wake utakuwa umechakaa kabla ya hapo, na hilo ni jambo la kweli kwa mwenye pesa benki, ndiyo maana nimeiweka ya pili. Sharti langu ni moja: usichukue yenye RAM (kumbukumbu ya kuendeshea apu) ya GB 2. Itafungua apu leo, na mwakani itakuwa inagandaganda kwa uzito wa apu hizohizo.

Ya tatu: Pixel ya mtumba, kuanzia 8. Google waliipa Pixel 8 miaka saba, kwa hiyo inakwenda hadi Oktoba 2030. Pixel 7 inaishia Oktoba 2027 na Pixel 6 Oktoba 2026, kwa hiyo hizo ziachie wenye haraka. Pixel 6a usiiguse: betri yake ilikuwa na tabia ya kupata joto kupita kiasi, na mwaka 2025 Google wenyewe wakaleta sasisho la lazima linalopunguza uwezo wa betri hiyo ikishachajiwa mara nyingi. Kinachoishusha Pixel hadi nafasi ya tatu ni vipuri. Kioo kikipasuka ukiwa Tanga au Kigoma, utamsubiri mtu wa Dar, na mtu wa Dar atamsubiri mtu wa Dubai.

Ya nne: iPhone ya mtumba. Najua nitarushiwa mawe. iPhone 11 ya 2019 bado ilipata iOS 26 mwaka 2025, na ni nadra kuona Android ya umri huo yenye maisha ya namna hiyo. Shida ni kwamba watu hununua ngazi ya chini yake kwa sababu ya jina. XR na XS zimeishia iOS 18. iPhone 8 na X zimeishia 16. iPhone 6s na 7 zimebaki 15, yaani ziko ukingoni kabisa mwa kile ambacho WhatsApp ilikikubali mwaka 2025. Ikipanda ngazi moja tu, zimekwisha. Mwenye bajeti ya iPhone 7 anunue Android mpya, hata kama mashemeji watacheka. Mwenye bajeti ya 12 au 13, sawa, ila akague afya ya betri.

Ya tano: simu ya kifahari iliyozeeka. Huu ndio mtego unaowanasa wengi. Galaxy S8 ina kioo cha kupinda kinachomeremeta, na ukiiweka kando ya itel mpya, itel inaonekana kama kikokotoo. Lakini S8 iliishia Android 9, na hiyo Chrome mpya imeshaikataa. S9 na Note 9 ziliishia 10, na kwa hesabu yetu foleni inayofuata ni yao.

Kitochi janja, yaani simu ndogo ya vitufe yenye intaneti, sikipi namba. Vile vitochi vya 4G vyenye mfumo wa KaiOS viliuzwa kwa kuwa vina WhatsApp, lakini tangu Juni 2024 WhatsApp haipakuliki tena humo. Kwa kupiga simu na kutuma pesa kwa menyu, kama *150*00# ya Vodacom, kitochi chochote kinatosha, tena cha bei ndogo zaidi, kwa sababu menyu hiyo haiulizi toleo.

Sasa dukani. Winga, yaani dalali wa dukani, atakupokea kabla hujaliona duka, atakuita bosi, atakuonyesha sanduku. Mwache aongee. Fungua Kuhusu simu, soma toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Tarehe ikiwa ya miaka miwili nyuma, hiyo simu imeshasahauliwa na mama yake. Piga *#06#, chukua IMEI (namba ya utambulisho wa simu), uitume 15090 kama uko Tanzania, uone kama jina linalorudi ni la simu uliyoishika. Mwaka 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilizima simu feki nchini, lakini feki hazikuisha. Zipo zinazojiandika Android 14 huku ndani mna toleo la kale. Hizo nazishika kwa njia moja: naunganisha intaneti yangu, naingia Play Store, napakua apu ya benki ninayoitumia papo hapo kaunta, na naifungua. Ikikubali, tunaongea bei. Muuzaji anayenikataza namrudishia simu yake na kuondoka.

Kwenye iPhone ziko XR zilizovalishwa gamba la 13 Pro, kamera tatu zimepangwa vizuri kabisa. Gamba linadanganya, lakini ukurasa wa Kuhusu kwa kawaida bado unaitaja XR, na ukitafuta iOS 26 hutaipata.

Shangazi alikuja Dar na laki nne kwenye kitambaa. Kariakoo alipendezwa na S8 ya dhahabu, akaigeuza mara tatu, akaniuliza kama kweli naelewa ninachokisema. Nikampa aifungulie apu yake ya benki. Akaijaribu, akairudisha mezani bila neno. Tukaongeza kidogo tukachukua A16. Ile ya zamani iko dukani kwake juu ya rafu ya vitenge, imechomekwa waya wa spika, inapiga redio kutwa.