Pachinko: nilisoma kwanza, nikatazama baadaye

Nilipoanza kusoma Pachinko ya Min Jin Lee nilidhani ni hadithi ya kamari. Kamari imo, maana pachinko ni ile mashine ya Kijapani ya vigololi, lakini utasoma sana kabla hujaifikia. Mwanzo wote ni nyumba ya kupangisha wavuvi kisiwani Yeongdo, karibu na Busan, wakati Korea iko chini ya Wajapani. Binti wa nyumba hiyo, Sunja, anapata mimba ya Hansu, tajiri wa biashara ya samaki, na kumbe mwenzake ana mke Japani. Mchungaji Isak, kijana mwenye kifua kikuu, anajitolea kumwoa, wanahamia Osaka. Vizazi vinne hivyo, 1910 hadi 1989. Nilipomaliza nikafungua tamthilia yake ya Apple TV+, iliyoanza 2022: misimu miwili, kila msimu sehemu nane. (Nitafichua mambo mawili matatu ya hadithi, kwa hiyo kama hujasoma, shauri yako.)

Kilichoniudhi mapema ni miaka kuvurugwa. Kitabu kinakwenda mbele tu. Sunja unamjua tangu wazazi wake wanaozeshwa, unakua naye, unazeeka naye. Kwenye tamthilia, sehemu ya kwanza haijaisha umeshamwona akiwa bibi wa mwaka 1989, na mjukuu wake Solomon ametoka Marekani na suti ya benki. Kisha wanarudi nyuma, kisha mbele, ile mbinu rejeshi ya darasani imegeuzwa chakula cha kila siku. Sasa msichana wa watu analia, ana mimba na aliyempa mimba ana mke wake, nami nimekaa nimetulia kabisa, kwa sababu yatakayomtokea nimeshayaona: ataishi, atapata wajukuu. Nilipokuwa nasoma sikuwa na uhakika huo hata kidogo. Nilifungua kila sura kwa woga.

Lakini haki yao niwape. Kuna kitu tamthilia inakifanya ambacho kitabu hakikuweza. Kitabu kimeandikwa Kiingereza, kwa hiyo Mkorea na Mjapani wote wanasema Kiingereza, na mwandishi inabidi akuambie nani anatumia lugha gani. Kwenye skrini, tafsiri ya Kikorea inaandikwa kwa manjano na ya Kijapani kwa buluu. Mwanzoni niliona ni urembo tu. Halafu nikamwona Solomon akianza sentensi kwa manjano na kuimaliza kwa buluu, na nikaelewa kwamba mtu huyu hata kinywani mwake hana pa kukaa. Sisi tunaobadilisha lugha kutegemea nani kaingia mlangoni hatuhitaji kuelezwa zaidi. Baadaye nilijikuta nasoma rangi kwanza, maneno baadaye.

Na wali. Kitabuni, mama yake Sunja anakwenda kwa muuza nafaka kuomba mchele mweupe kidogo kwa ajili ya binti yake aliyeolewa. Mchele mzuri enzi hizo ni wa Wajapani, Wakorea wanabaki na shayiri na mtama. Muuzaji anasitasita, mwisho anampimia. Nilipasoma, nikapapenda, nikaendelea. Kwenye tamthilia kamera haiondoki kwenye mikono ya yule mama. Anaosha mchele polepole, maji yanatoka meupe, anafunika chungu, anasubiri. Hakuna anayesema neno. Sunja anapotia tonge mdomoni machozi yanamtoka, na yangu pia, nami si mtu wa kulia mbele ya televisheni. Na huyohuyo Sunja, akiwa bibi kizee, anaonja wali nyumbani kwa watu na kutambua papo hapo kuwa mchele huu umelimwa kwao. Hapo tu ndipo nilipousamehe mvurugo wa miaka.

Hansu wa tamthilia simtaki. Wamempa sehemu nzima inayoonyesha ujana wake na tetemeko la ardhi la 1923 huko Japani, pale Wakorea walipouawa na makundi ya watu kwa uvumi kwamba wanatia sumu visimani. Historia ya kweli, na imepigwa picha vizuri mno. Ila haimo kitabuni, na Hansu wa kitabuni alinitisha kwa sababu hiyo hiyo: nilimwona kwa nje tu, kama Sunja anavyomwona. Ukishanionyesha alivyoumia, naanza kumhurumia, na mimi sikutaka.

Isak naye wamembadilisha. Kitabuni anakamatwa kwa jambo dogo la kuchekesha kama lisingekuwa la kuua: mhudumu wa kanisa lao aligunduliwa akitamka Sala ya Bwana chinichini pale kwenye hekalu la Kijapani, walipolazimishwa kumwinamia mfalme wa Japani. Tamthilia inamfanya mwanaharakati wa wafanyakazi. Wa kitabuni ananiuma zaidi, hakufanya lolote.

Wimbo wa mwanzo, wahusika wote wakicheza kwenye ukumbi wa pachinko, sikuuruka hata mara moja.

Kama una muda wa kimoja tu, soma. Ukitaka vyote, anza na kitabu, usifanye kinyume. Sababu yangu ni namna Min Jin Lee anavyoua watu. Baba yake Sunja anakufa ndani ya sentensi moja. Na mbele huko kuna kifo kingine, cha mtu uliyemlea mwenyewe tangu tumboni, kimeandikwa kwa mstari mmoja usio na machozi, na hadithi inaendelea. Nilikuwa nimeshageuza ukurasa ndipo nikasimama, nikarudi nyuma, nikausoma ule mstari tena nikidhani nimekosea jina. Misimu miwili ya tamthilia haijafika hapo.