Tivoli ya Copenhagen ukiwa mtu mzima: nenda jioni, usiwe na haraka

Niliingia Tivoli, bustani ya burudani ya Copenhagen, Denmark, nikiwa na miaka 41, peke yangu. Foleni ya mlangoni ilijaa wazazi na watoto, nikawa najiuliza kama mahali hapa pananihusu. Pananihusu sana, na ndiyo maana naandika.

Bustani iko katikati ya mji. Ukitoka stesheni kuu ya treni unavuka barabara tu. Ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1843. Inasimuliwa kwamba mwanzilishi wake, Georg Carstensen, alimwomba kibali Mfalme Christian VIII kwa hoja kwamba watu wakiburudika hawafikirii siasa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza wakubwa nao walihesabiwa, na bado unaliona hilo: mabenchi chini ya miti mikubwa, maua kila upande, na ziwa lililobaki kutokana na handaki la ngome ya zamani ya mji. Saa nzima ya kwanza sikupanda chochote. Nilitembea tu.

Kuhusu malipo, elewa mapema kwamba kiingilio ni kivyake na pembea, yaani mitambo yote ya kupanda, ni kivyake. Unaweza kulipia pembea mojamoja au kuchukua tiketi ya kupanda siku nzima. Mtu mzima asikimbilie hiyo ya siku nzima. Mimi nilipanda mbili tu, moja nikairudia, na nilitosheka kabisa.

Iliyonishika moyo ni Rutschebanen, treni ya mbao ya mwaka 1914 inayopanda na kushuka ndani ya mlima wa kutengenezwa. Kila treni ina mtu wa breki anayesafiri pamoja na abiria, mkono kwenye wenzo. Nilipata kiti nyuma yake. Kabla ya kila mteremko bega lake la kulia lilishuka kidogo, nami nikajifunza kulisoma: likishuka, shikilia. Breki zikikaza unasikia mbao zikilia chini ya miguu na harufu ya grisi inakupanda puani. Watoto wa mbele yangu walikuwa wakipiga mayowe, macho yote kwenye reli. Mimi nilimtazama yeye mwanzo mpaka mwisho. Kwa zaidi ya miaka mia moja kazi hii inafanywa kwa mkono wa mtu, naye anaamua kila safari tushuke kwa kasi gani. Nikiwa na miaka minane nisingemwona kabisa.

Himmelskibet, viti vya minyororo vinavyozungushwa kwenye mnara wa mita 80, ni kwa wasioogopa kimo. Mapaa ya mji yanapita chini ya viatu vyako na mnara wa Ukumbi wa Jiji unarudi kila mzunguko. Vaa koti, maana huko juu upepo unakata. Zile za kugeuzwa kichwa chini nilizipita.

Usikose jukwaa la pantomimu. Jengo lake ni la mwaka 1874, na pazia lake ni mkia wa tausi: onyesho likianza, manyoya yanakunjuka yakishuka pande mbili, taratibu, na umati wote unanyamaza. Wahusika wake, Harlekin, Columbine na Pjerrot, huigiza bila kusema neno, kwa hiyo Kidenmaki changu cha maneno mawili hakikunipunguzia kitu. Watazamaji wa onyesho hili husimama chini ya anga. Kando yangu alikuwapo bibi mmoja aliyetabasamu kabla ya kila tukio. Nadhani alilijua onyesho lote kwa moyo.

Sasa kuhusu saa ya kwenda. Katikati ya kiangazi huko giza linachelewa mno, na Tivoli bila taa ni nusu ya Tivoli. Mimi nilikwenda mwishoni mwa Agosti, nikaingia saa kumi jioni, na kufikia saa tatu usiku taa zote zilikuwa zinawaka mitini na juu ya maji. Familia nyingi zilishaondoka. Nilikaa kando ya ziwa mpaka baridi ikanigusa, kisha nikarudi kwenye treni ya mbao. Mtu wa breki alikuwa yuleyule. Nikaomba kiti cha nyuma yake tena.