Kuasili mtoto ukiishi Marekani: wa nje ya nchi au wa ndani?

Zamani wengi walikimbilia nje. Mwaka 2004 Wamarekani waliasili karibu watoto 23,000 kutoka nchi nyingine. 2023 hawakufika hata 1,300. Kenya ilisitisha 2014, Ethiopia ikapiga marufuku 2018, China ikafunga mlango 2024. Anayeng'ang'ania nje ajiandae kwa wakala, viza, tafsiri za vyeti na makumi ya maelfu ya dola.

Ndani, kupitia malezi ya kambo ya serikali (foster care, yaani familia kumlea kwa muda mtoto aliyeondolewa kwa wazazi wake), gharama ni kidogo au hakuna. Kasheshe ni kwamba jitihada za kwanza huwa ni kumrudisha mtoto kwa wazazi wake. Unamfunga kamba za viatu kila asubuhi, umeshamzoea, kisha anaondoka. Hata hivyo mimi ningeanzia hapo, hasa kwa wale wakubwa wakubwa wanaosubiri zaidi.