AV1 au H.264, ipi inafaa kwa simu yako?
Hapa Mikindani tunabishana kila siku kuhusu hizi njia mbili za kubana video. Kwa bando AV1 inashinda wazi, imetoka 2018 na inabana video vizuri zaidi, picha ile ile kwa MB chache, tena kwenye vitu vinavyochezacheza kama mawimbi au nyasi za uwanjani H.264 kwa MB hizo hizo inaanza kutoa vibokisi. Ila chaji sasa! Simu isiyo na chipu ya kuisoma AV1 inabebesha prosesa kazi yote, inachemka, video inakwama. H.264 ya 2003 inasomwa na karibu kila simu. Mwenye simu ya zamani, yuko kijijini Newala anachajia sola, abaki na H.264. Simu mpya ila bando ndo linauma? AV1. Kwenye takwimu za video za YouTube AV1 inaandikwa av01, H.264 inaandikwa avc1.